Bomu la kuteleza

Bomu la kuteleza ni bomu linaloachiwa na ndege likiwa na mabawa na usukani, hivyo halianguki tu kama jiwe bali huteleza hewani hadi kwenye shabaha iliyochaguliwa. Halina injini, linatumia mwendo wa ndege iliyolibeba na kimo lilipoachiwa. Mengi ya mabomu hayo ni mabomu ya kawaida yaliyotoka ghalani na kufungwa kifaa cha kuyaongoza. Njia hiyo ni nafuu kuliko kuunda kombora jipya, na ndiyo sababu imeenea katika majeshi mengi tangu mwisho wa karne ya 20.

Tatizo la bomu lisiloongozwa

Bomu la kawaida likishaachiwa haliwezi kurekebishwa tena. Ndege ikiruka kwa mwendo wa km 900 kwa saa kwenye kimo cha mita 10,000, bomu lake huchukua takriban sekunde 45 kufika chini, na katika muda huo husonga mbele km 11 hivi (bila kuhesabu ukinzani wa hewa). Kosa la mita 2 tu kwa sekunde katika kukadiria mwendo hulipeleka bomu mita 90 kando ya shabaha, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Upepo hubadilika kimo hadi kimo na huongeza kosa hilo.

Kwa sababu hiyo usahihi wa mabomu hupimwa kwa duara: ni nusukipenyo cha duara ambalo nusu ya mabomu yote huangukia ndani yake. Nusu nyingine huangukia nje.

Mifano kutoka Tanzania

Tarehe 13 Agosti 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia kwa mzinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann huko Liuli, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Mahali hapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Leo ni sehemu ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga katika Mkoa wa Ruvuma. Meli ya Wajerumani ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mpiga mzinga katika hali kama hiyo huona risasi ilipoangukia, husahihisha, kisha hupiga tena.

Katika delta ya Mto Rufiji, Julai 1915, manowari Severn na Mersey za Waingereza zilishambulia manowari Königsberg ya Wajerumani iliyojificha kati ya mikoko. Wapiga mizinga hawakuweza kuiona. Ndege zilizunguka juu na kuwapa taarifa kwa redio kila risasi ilipoangukia, na tarehe 11 Julai Königsberg iliangamia. Hapo anayeona na anayepiga walikuwa mahali tofauti, wameunganishwa na redio.

Bomu la ndege halikuwa na nafasi hiyo ya kusahihishwa. Mwishoni mwa Machi 1979, wakati wa Vita ya Kagera, ndege ya Libya ya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ililenga ghala la mafuta la Mwanza. Mabomu yalikosa na kuangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Kosa la namna hiyohiyo upande wa pili lingeweza kuyaangusha katika mitaa ya mji.

Jinsi linavyofanya kazi

Wazo la msingi ni kulipa bomu lenyewe uwezo wa kusahihisha njia yake likiwa bado hewani. Kifaa kinachofungwa huwa na sehemu tatu:

- Kitambuzi, kinacholiambia bomu lilipo au shabaha ilipo. Vingine hufuata nukta ya mwanga wa leza unaomulikwa kwenye shabaha. Vingine hupokea ishara za setilaiti za GPS, vikisaidiwa na vipimo vya ndani vya mwendo na mgeuko. Vingine hutumia kamera au rada.
- Kompyuta ndogo, inayolinganisha njia ya bomu na shabaha.
- Mapezi ya mkiani, yanayogeuzwa na mota ndogo ili kulielekeza bomu.

Mabawa huongeza umbali. Huwa yamekunjwa chini ya ndege na hufunguka baada ya bomu kuachiwa, kama furukombe wa ziwani anayetanda mabawa yake na kusafiri mbali bila kuyapiga. Kifaa cha JDAM cha Marekani kisicho na mabawa hulifikisha bomu hadi km 28 hivi. Kikiongezwa mabawa hulifikisha takriban km 72. Umbali huo unakaribia upana wa Ziwa Nyasa lote mahali palipo pana zaidi, ambao ni km 75 hivi. Kwa hiyo rubani anaweza kuachia bomu akiwa mbali na mizinga ya kutungulia ndege.

Historia

Wajerumani walianza kutumia mabomu ya kuongozwa kwa redio mwaka 1943. Fritz X ilitokana na bomu la kawaida la kutobolea chuma, na tarehe 9 Septemba 1943 ilizamisha manowari Roma ya Italia. Zaidi ya watu 1,200 walikufa. Wamarekani walifuata na AZON, mkia uliofungwa kwenye bomu la kawaida, ambao ungeweza kuligeuza kushoto au kulia tu.

Katika Vita ya Vietnam, daraja la Thanh Hóa lilishambuliwa kwa miaka kadhaa kuanzia 1965 bila kuangushwa, na ndege nyingi zikapotea. Mwezi Mei 1972 liliangushwa kwa mabomu ya leza ya Paveway. Hata hivyo, Vita ya Ghuba ya 1991 ilionyesha kwamba moshi, vumbi na mawingu huzuia leza. Hapo ndipo Wamarekani walipounda JDAM inayotumia GPS, iliyotumika vitani mara ya kwanza mwaka 1999 nchini Yugoslavia.

Nchi nyingine zimeunda vifaa vyao, kama vile Ufaransa (AASM) na Uturuki (HGK). Barani Afrika, kampuni ya Denel ya Afrika Kusini ilibuni Umbani, ambayo baadaye ilitengenezwa katika Umoja wa Falme za Kiarabu kwa jina la Al Tariq. Tangu mwaka 2023 Urusi imetumia kwa wingi kifaa cha UMPK kwenye mabomu yake ya FAB dhidi ya Ukraine, pamoja na miji iliyo karibu na mstari wa mbele kama Kharkiv.

Gharama na udhaifu

Kifaa kimoja cha JDAM hugharimu makumi ya maelfu ya dola, wakati kombora la masafa marefu kama Tomahawk huzidi dola milioni moja. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba ishara za setilaiti zinaweza kuvurugwa na mitambo ya adui. Bomu linapozikosa hubaki na vipimo vyake vya ndani tu, na usahihi hupungua.

Usahihi na raia

Bomu linaloongozwa hufika mahali lilipoelekezwa, lakini halijui kama mahali hapo palichaguliwa kwa haki. Tarehe 13 Februari 1991 mabomu mawili ya leza yaligonga barabara handaki la Amiriyah jijini Baghdad. Zaidi ya raia 400 waliokuwa wamejihifadhi humo walikufa. Tarehe 7 Mei 1999 mabomu ya JDAM yaligonga ubalozi wa China jijini Belgrade na kuua watu watatu; Marekani ilieleza kwamba jengo lilitambuliwa kimakosa.

Itifaki ya kwanza ya nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inakataza mashambulizi yasiyobagua askari na raia. Wajibu huo unamhusu anayechagua shabaha, hata kama bomu lake halikosi.