Unga wa Mawe Unaopaka Maziwa Rangi

Kati ya Lake Louise na Jasper, magharibi mwa Kanada, ipo barabara ya kilomita 230 hivi iitwayo Icefields Parkway. Wengi huiendea kwa ajili ya maziwa. Ziwa Peyto, ukilitazama kutoka juu, lina rangi ya feruzi iliyokolea mno, hata watu hudhani picha zake zimechezewa. Hazijachezewa. Rangi ile ni kazi ya barafu, na anayelijua hilo huipanga safari yake kwa namna nyingine kabisa.

Theluji ya miaka mingi hurundikana milimani, hushindiliana ikawa barafu, kisha uzito wake wenyewe huiteremsha bondeni polepole. Huo ndio mto wa barafu, au barafuto. Umebeba mawe tumboni, nayo huukwangua mwamba kama msasa na kutoa unga laini ajabu. Wataalamu huuita unga wa mawe. Barafu ikiyeyuka, maji huusomba hadi ziwani. Chembe nzito hutua pale mto unapoingilia, ndiyo maana maji ya hapo ni ya kijivu. Zilizo nyepesi huendelea kuelea. Maji hufyonza mwanga mwekundu, chembe hutawanya wa buluu na kijani, na huo ndio unaotufikia machoni.

Unaweza kulihakikisha hili kambini. Chota maji ya mto Sunwapta, karibu na barafuto Athabasca, kwa chupa angavu, uiache mezani. Mchanga utatua upesi, lakini weupe kama wa maziwa ya ng'ombe utaukuta asubuhi. Unga huohuo huziba vichujio vya maji, kwa hiyo maji ya kunywa chukua bombani.

Basi usiende mapema. Mwanzoni mwa Juni maziwa ya juu huwa bado yana barafu, na yanayofunguka huwa ya buluu nzito. Feruzi hukolea Julai na Agosti, barafuto zikiyeyuka kwa kasi. Hata hivyo beba blanketi nzito: kambi ya Wilcox Creek iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Agosti maji huweza kuganda. Jaza tangi kabla ya kuondoka, kwani njiani mafuta yanauzwa Saskatchewan River Crossing tu, na mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Chakula, sabuni, hata dawa ya meno, usilale navyo hemani. Vifungie garini au kwenye kasha la chuma la kambi, maana dubu hunusa kutoka mbali.

Mahali ninapomsihi kila msafiri asimame ni barafuto Athabasca. Kando ya njia ya miguu kuna vibao vya miaka, kila kimoja kikionyesha barafu ilipoishia mwaka huo. Unatembea kutoka kibao hadi kibao juu ya changarawe tupu, na barafu bado iko mbele yako. Tangu katikati ya karne ya 19 imerudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu. Usivuke kamba za tahadhari: theluji hufunika nyufa za kina kirefu, na watu wamefia humo.

Na maziwa je? Barafu ikipungua, kinachosaga mwamba nacho hupungua. Barafuto Peyto, ambayo watafiti wamekuwa wakiipima tangu miaka ya 1960, imepoteza sehemu kubwa ya ujazo wake, na mguuni pake kumezuka ziwa jipya. Ziwa hilo linanasa unga wa mawe kabla haujateremka hadi Ziwa Peyto. Mambo yakiendelea hivi, feruzi ile itafifia na maji yatakuwa maangavu, ya buluu iliyokoza. Mwenye nia ya kuiona asiahirishe miaka mingi.