Saa ya Msanifu Majengo na Hesabu Yetu ya Saa

Saa ya mkononi inayodai kutokana na usanifu majengo ipimwe kwa jambo moja: imechukua hoja ya jengo, au sura yake tu? Nyanda za Juu Kusini zinaionyesha tofauti hiyo waziwazi. Nyumba ya tembe ya Wahehe, kule Iringa, ina paa bapa la miti na udongo kwa kuwa mvua ya huko inavumilika. Paa hilo ukilipeleka Rungwe, mkoani Mbeya, masika yatalishusha. Ndiyo maana Wanyakyusa walijenga kwa mianzi na kuezeka nyasi kwa mwinamo mkali. Anayechora tembe kwenye uso wa saa anauza picha. Anayeuliza tembe ilitatua shida gani, kisha akauliza saa nayo inatatua shida gani, huyo ndiye anayesanifu.

Max Bill, Mswisi aliyesoma Bauhaus mjini Dessau, ndiye aliyesanifu majengo ya chuo cha Ulm, Ujerumani, yaliyofunguliwa 1955. Saa za mkononi alizobuni kwa kiwanda cha Junghans zilitoka 1961, mwaka wa uhuru wetu, na hazifanani na jengo lolote. Alichohamisha ni nidhamu ya kuondoa kisicho na kazi, hata baadhi ya nyuso zake hazina tarakimu, ni mistari mitupu. Bill hakutufikiria, lakini uso huo unatufaa kuliko wenye tarakimu. Asubuhi mshale mfupi ukiwa kwenye 7, mtu wa Mbeya husema saa moja. Mchana ukiwa kwenye 1, husema saa saba. Kila mara anavuka uso wa saa kwa mawazo ili kulikwepa lililoandikwa, ilhali mstari haumbishii mtu. Mshale mfupi ukisimama wima juu ni saa sita mchana, ingawa Mbeya jua lenyewe huchelewa: majira ya Afrika Mashariki yamepimwa kwa longitudo 45 Mashariki, Mbeya iko karibu na 33, hivyo kwa wastani jua hufika kilele takriban dakika 45 baadaye.

Wapo watakaosema mtoto anayejifunza saa atapotea bila tarakimu. Ni kweli kwa siku za mwanzo, lakini tarakimu hizo hizo ndizo zinazomfundisha kusoma 7 na kutamka moja. Muuguzi anayehesabu mapigo ya moyo naye anahitaji mistari ya sekunde iliyo wazi, basi. Hoja nzito zaidi ni ya biashara: mgeni atanunua saa yenye picha ya Boma la Iringa, jengo la Wajerumani lililo makumbusho tangu 2016, wala hatajali mistari. Anunue, na fundi apate riziki. Saa hiyo iuzwe kama ukumbusho. Kuiita kazi ya usanifu ni kumdanganya mnunuzi.