Je, Wajua? Torati Huandikwa kwa Mkono

Je, wajua kwamba Torati inayosomwa katika sinagogi haichapwi kwa mashine? Mwandishi aliyesomea kazi hiyo huinakili kwa kalamu ya unyoya juu ya ngozi ya mnyama halali. Hulitamka kila neno kabla ya kuliandika, na gombo moja laweza kumchukua mwaka mzima. Herufi ni 304,805. Moja tu ikikosewa, gombo halisomwi hadharani hadi lirekebishwe. Jina la Mungu halifutwi kamwe. Kazi hiyo ni sanaa, na ni ibada pia! Msomaji naye haligusi gombo kwa kidole. Hufuata mistari kwa kijiti, mara nyingi cha fedha. Abayudaya wa Mbale, Uganda, jamii ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, nao husoma Torati siku ya Sabato.