Filamu Iliyopotea na Hadithi Iliyobaki: Mapenzi ya Nyikani kutoka Marekani hadi Gwassi

Utangulizi

Katika uchambuzi wa fasihi, kazi husemwa kuwa imepotea kwa maana zaidi ya moja. Yaweza kupotea kwa kuteketea au kuoza. Yaweza pia kupotea ilhali kisa chake kinajulikana na kila mtu. Makala haya yanakusudia kuieleza maana hii ya pili kwa kulinganisha kazi mbili za mapenzi ambazo mandhari yake ni nyika: filamu bubu ya Kimarekani ya mwaka 1918, The Romance of Tarzan, na hadithi ya Nyamgondho mwana wa Ombare, isimuliwayo kando ya Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Homa Bay. Filamu hiyo ilidai kuonyesha mapenzi yaliyozaliwa katika pori la Afrika. Kwa hiyo ni haki kuipima kwa hadithi ambayo Waafrika wenyewe wameisimulia juu ya mambo hayohayo.

Filamu na Muhtasari Wake

Riwaya ya Edgar Rice Burroughs, Tarzan of the Apes, ilitokea gazetini mwaka 1912 na kuwa kitabu mwaka 1914. Mwaka 1918 sehemu yake ya kwanza ilitolewa kama filamu yenye jina hilohilo. Sehemu ya pili, iliyoongozwa na Wilfred Lucas, ilifuata mwaka huohuo. Elmo Lincoln aliigiza kama Tarzan, naye Enid Markey kama Jane. Filamu ya kwanza ipo hadi leo, ingawa si kamili. Ya pili haina nakala hata moja ijulikanayo.

Hasara hiyo haikuwa ya filamu moja. Utepe wa siku zile ulitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, kitu kishikacho moto upesi na kuoza kisipotunzwa. Aidha, sauti ilipoingia katika sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, wenye filamu bubu waliziona kuwa mali isiyo na faida tena. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu bubu za Kimarekani zipatazo 11,000, zilizotolewa kati ya 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizosalia kamili katika umbo lake la asili.

Hata hivyo, kisa cha The Romance of Tarzan kinajulikana, kwa kuwa muhtasari wake uliandikwa wakati ule. Tarzan anatengana na Jane, anamfuata hadi Marekani, na kujikuta katika maisha ya mji asiyoyafahamu. Jane anadhani kwamba mwenzake amempenda mwanamke mwingine, naye anamkataa. Tarzan anarudi porini. Mwishowe Jane anaupata ukweli na kumfuata. Hicho ndicho kiunzi. Kisichojulikana ni namna uso wa Jane ulivyobadilika alipokuwa akimkataa, muda aliosimama kabla ya kugeuka, na jinsi maandishi yaliyotiwa kati ya picha yalivyopangwa. Katika filamu bubu, hayo ndiyo lugha yenyewe. Kilichobaki, basi, ni habari za kazi, kazi haipo.

Pori Lenye Wenyewe

Pori la Burroughs lina sifa moja inayomhusu mwanaisimu. Tarzan anajifundisha kusoma Kiingereza kwa vitabu vilivyoachwa na wazazi wake, kabla hajaweza kukitamka. Na lugha ya kwanza ya binadamu anayoinena ni Kifaransa. Wenyeji wa Afrika wamo katika riwaya, lakini si wao wanaompa shujaa lugha. Lugha inakuja kutoka nje, na pori linachukuliwa kuwa mahali pasipo na neno la kujifunza. Tena pori lililopigwa picha kwa ajili ya filamu ya kwanza lilikuwa Louisiana, Marekani.

Katika Kaunti ya Migori, neno lenyewe la pori latoa ushahidi tofauti. Kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori pana maboma ya mawe yaitwayo Thimlich Ohinga, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Katika Dholuo, thim ni pori, na thimlich ni msitu mzito wa kutisha. Ohinga ni boma. Kuta hizo, ambazo huenda zilijengwa katika karne ya 16, zilipangwa kwa mawe matupu bila udongo wa kuyashikanisha, na jamii mbalimbali ziliishi humo kwa kupokezana. Jina hilo laweka pori na makao ya watu katika tamko moja: msitu unatisha, lakini una wenyewe, na wenyewe wameupa jina.

Neno Lililoivunja Nyumba

Hadithi ya Nyamgondho yatoka katika mazingira kama hayo, huko Nyandiwa katika nchi ya Gwassi. Nyamgondho alikuwa mvuvi maskini. Siku moja mtego wake ulinasa mwanamke aliyeonekana dhaifu, mwenye kasoro mwilini, naye akamsihi asimrudishe majini. Akampeleka nyumbani. Tangu hapo ng'ombe waliongezeka, akawa tajiri, akaoa wake wengine, akazoea ulevi. Usiku mmoja alirudi amelewa, akakuta lango halifunguliwi. Kwa hasira akamtukana yule mwanamke kuwa ni kitu alichokiokota ziwani. Mwanamke aliondoka akaelekea majini, na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho alibaki ukingoni, akageuka jiwe. Wengine husema mti.

Tofauti na filamu ni dhahiri. Filamu bubu ilitegemea uso na mwili. Hapa mgogoro wote umebebwa na neno. Ziwa lilitoa mke, kazi ikaleta mali, na tusi moja likaondoa vyote. Kwa sababu hiyo, swali la mhakiki haliwezi kuwa Nyamgondho alifanya nini tu. Alisema nini hasa, kwa lugha gani, na msimulizi alilitamka tusi lile kwa sauti ipi?

Hitimisho

Hapo ndipo kazi hizi mbili zinapokaribiana kwa namna ya kutia wasiwasi. Gwassi ni nchi ya Abasuba, ambao wengi wao wamehamia Dholuo kwa vizazi kadhaa; Olusuba husikika zaidi katika kisiwa cha Mfangano, na UNESCO imeiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Hadithi imevuka salama na kuwa sigana ya Kiluo, nayo aghalabu huandikwa kwa aya mbili tatu, mfano wa hiyo iliyotolewa hapo juu. Aya kama hizo ni muhtasari. Zatosha kumjulisha msomaji kisa, kama muhtasari wa mwaka 1918 unavyotosha kumjulisha habari za Jane na Tarzan.

Lakini filamu ilikwisha kupotea kabla ya mtu kuona thamani ya kuitunza, ilhali wasimulizi wa Nyandiwa na Mfangano wangali hai. Kazi inayozikabili idara za lugha ni kurekodi usimulizi mzima, kwa Olusuba na kwa Dholuo, pamoja na vituo, nyimbo na vicheko vya wasikilizaji, na kuuandika neno kwa neno kabla ya kuufasiri kwa Kiswahili. Bila ya hivyo, siku itafika ambapo kila mwanafunzi atajua kwamba Nyamgondho alimtukana mkewe, na asiwepo hata mmoja awezaye kusema tusi lenyewe lilikuwa lipi.