Likizo na Lugha ya Nyanya

Agosti iliyopita tulishika njia ya Thika, Matuu, Mwingi na Migwani hadi Kabati, Kitui, kuwazuru jamaa. Shangazi yangu, ajuza wa miaka 80, alitupakulia muthokoi, kisha akamjulia hali binti yangu kwa Kikamba. Mtoto akanitazama, nimfasirie. Niliona haya. Nimefundisha lugha miaka 20, ilhali sikumrithisha wangu lugha ya nyanya zake. Siku ya kuondoka walikumbatiana bila neno.

Walimu wenzangu, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Basi tuwaache wanafunzi wetu waende kwa wazee wao, wakawasikilize wangali hai.