Picha Haijapotea, Umekosea Herufi

Haipiti wiki bila mwanafunzi au mteja kuniletea swali lile lile: "Mwalimu, tovuti yangu iko sawa kwenye laptopu, lakini nikiipandisha kwenye seva picha hazionekani. Nihamie kampuni gani?" Usihame. Seva haina kosa. Rudi ukasome jina la faili, herufi kwa herufi.

Kamera imelipa faili jina IMG_0231.JPG. Wewe kwenye ukurasa umeandika img_0231.jpg. Windows huhifadhi jina jinsi lilivyoandikwa, lakini kwa kawaida, inapotafuta faili, haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo inakuletea picha. Seva nyingi za tovuti zinaendeshwa na Linux, na kwa Linux hayo ni majina mawili. Ulilotaja halipo, unajibiwa 404.

Kinachowaponza watu ni imani moja: "HTML haijali herufi kubwa wala ndogo." Imedumu kwa sababu ina ukweli nusu. Andika <IMG> au <img>, kivinjari kitakuelewa. Lakini ruhusa hiyo ni ya majina ya tagi na ya sifa zake. Unachokiweka ndani ya alama za kunukuu kina wasomaji wengine. Anwani ya picha inasomwa na seva. Thamani ya id inatafutwa na JavaScript. Jina la class linalinganishwa na CSS. Kwa JavaScript na CSS, "Menyu" si "menyu". Kuna wanaoniapia kwamba kwao CSS haibagui. Nikifungua ukurasa wao nakuta hauna doctype, na kivinjari kimerudi kwenye tabia zake za zamani. Huo ni ugonjwa mwingine, wala hauthibitishi chochote.

Halafu kuna dawa ya mtaani: "Badilisha kila kitu kiwe herufi ndogo." Chanzo chake ni ushauri halali wa XHTML ya mwaka 2000, iliyofuata sheria za XML na kudai majina ya tagi na sifa yaandikwe kwa herufi ndogo. Majina hayo, si folda nzima! Nimeletewa mradi uliopitishiwa dawa hiyo. getElementById imegeuka getelementbyid, jina ambalo JavaScript hailijui, na vitufe vyote vimekufa. Viungo vya YouTube vimevunjika, kwani utambulisho wa video hutofautisha herufi. Picha zilizoandikwa kwa Base64 zimeharibika kabisa, maana humo A ni 0 na a ni 26. Tatizo lilikuwa jina la faili moja. Tiba imeua tovuti nzima.

Sisi tukisoma JUMA na Juma tunajua ni mtu yule yule, na muktadha hututofautishia Rehema aliyefika na rehema iliyofika. Kompyuta inasoma namba: katika ASCII, J ni 74 na j ni 106. Kuzihesabu kuwa kitu kimoja ni uamuzi wa aliyeitunga lugha, na kila mmoja aliamua lake. C, Java, Python na JavaScript hutofautisha, Pascal haitofautishi. PHP hutofautisha $jina na $Jina, lakini majina ya funksheni haiyabagui. SQL itakubali SELECT na select, ila katika MySQL majina ya majedwali hutegemea mfumo na mipangilio ya seva. Kwa hiyo acheni kuniuliza kama "tovuti inajali herufi". Ulizeni: jina hili linasomwa na nani?

La kufanya ni hili. Majina ya faili na folda yawe herufi ndogo, namba na kistari, bila nafasi; yabadilishe picha zinapotoka tu kwenye kamera. Unatumia Git kwenye Windows? Badilisha kwa git mv, la sivyo badiliko la herufi peke yake huenda lisionekane. Majina ya lugha yanakili yalivyo: innerHTML, True ya Python. Yako mwenyewe yachagulie mtindo mmoja usiuache. Picha isipoonekana, bonyeza F12, fungua sehemu ya mtandao, linganisha anwani iliyoombwa na jina lililoko kwenye seva. Jaribu kazi kwenye Linux kabla ya kumkabidhi mteja.

Na hela ya kuhama itunze. Huko unakotaka kuhamia, kuna uwezekano mkubwa ukaikuta Linux ile ile.