Wazazi Wakija, Tuwatembeze Wapi? Sehemu ya Pili: Makindu

Juma lililopita tulikuwa Kitui, nyumbani kwa Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf. Akiwa huko, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf aliuona Mlima Kenya. Jiwe la Nzambani nililipita makusudi: ngazi yake ya chuma haimfai mzee mwenye magoti mabovu.

Leo tuteremke Makueni. Wengi wetu wazazi wakija kututembelea huwapakia garini moja kwa moja hadi Mombasa, wakapita Makindu wamesinzia. Ni hasara kubwa. Kando ya barabara hiyo, kati ya Emali na Kibwezi, lipo hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka 1926.

Asili yake ni reli. Ujenzi ulianzia Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Takriban 2,500 walifia kazini. Waliosalia wengi walirudi kwao, lakini maelfu walibaki. Makindu ilikuwa kituo cha reli, na Makalasinga waliofanya kazi hapo ndio waliojijengea pahali pa kusalia.

Mlangoni vua viatu, funika kichwa. Mama mwenye leso yake hahitaji kuazima kitambaa. Sigara na pombe haviingii. Ndani, kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, kimewekwa juu chini ya kitambaa cha heshima, na watu huketi sakafuni. Mzazi asiyeweza kukunja miguu aombe kiti bila haya.

Kisha mle. Chakula ni cha bure kwa kila msafiri, awe wa dini yoyote: dengu, chapati, chai. Hakuna nyama. Anayetaka kutoa sadaka hutoa, asiye nacho hadaiwi. Mila hii ilianza Punjab kwa Guru Nanak, yapata miaka 500 iliyopita, na huko Amritsar, kwenye Hekalu la Dhahabu, hulisha maelfu kwa maelfu kila siku. Nauli ya kwenda Amritsar wachache wetu tunayo. Ukarimu ule ule uko hapa Ukambani, na vyumba vya kulala pia. Pakua unachoweza kumaliza tu, maana kumwaga chakula hapo ni utovu wa adabu.

Mkishiba, msikimbilie gari. Huu ndio wakati wa kumuuliza mzee habari za gari moshi la zamani: alipanda wapi, alilipa ngapi, nani alimsindikiza. Tangu Mei 2017 abiria wamehamia reli mpya, na wanaoikumbuka ile ya kwanza wanapungua. Mjukuu na arekodi kwa simu.

Sehemu ya tatu: Kibwezi, ambako wamisionari wa Kiskoti walianzisha kituo mwaka 1891 kabla ya kuhamia Kikuyu.